Makaa ya Mama Gentille

Koti ya Jean de Dieu njo ilileta maneno yote. Béata aliichukua apate kuifua, akaipeleka kwanza ku pua, vile mwanamuke yeyote anapelekaka koti ya bwana yake ku pua hata kama hatafuti kitu. Moshi yenye alikuta mule haikuwa ya nyumba yake. Kwake walikuwa wanawasha mabua ya mahindi na vijiti vya ua, na moshi ya kwao inanuka kama majani yenye kunyeshewa. Ile ya mu koti ilikuwa ya mikaratusi, inanuka kama dawa ya kikohozi. Na hapa Nyamitaba, nani anawashaka mikaratusi usiku na mchana kama si Mama Gentille?

Mama Gentille alikuwa mujane, hakuwa mutoto na hakuwa muzee, shingo ndefu, sauti ya chini, kazi yake kutengeneza fromaji, ndiyo kusema jibini. Fromaji inataka moto wa pole, moto wenye haulali, kwa hiyo makaa ya jiko yake haikuzimikaka. Tena nyumba yake ilikaa juu ya barabara, ku mutelemuko, mahali uwanja unaanguka kama paa. Makaa na mutelemuko: ni vile vitu viwili tu vilikuwa vinamupatia bwana ya Béata kila asubuhi.

Juu Jean de Dieu alikuwa shofere wa trakta ya koperative. Trakta yenyewe ilikuwa nzee sana. Watu walioileta hapa wakati wa mashamba makubwa walishakufa, na pengine hata watoto wao. Watu waliiita Nyogokuru, ndiyo kusema bibi muzee. Wakati wa kulima inalima. Kulima kukiisha, inavuta remorki ya bidoni za maziwa na mifuko ya maharagi mpaka ku soko ya barabara kubwa. Jua likiwaka haina shida na muntu. Lakini Nyamitaba iko juu. Alfajiri ukungu unalala mu uwanja kama ng'ombe wenye kukataa kuondoka, na mafuta ya moteri inaganda kama siagi. Moteri ya mazutu, ile dizeli, haiwake na cheche, inawaka na joto ya ndani. Zile buji ndogo za kuipasha asubuhi zilikufa zamani, na bateri ilibakia na nguvu ya kukohoa tu.

Basi Jean de Dieu alikuwa na dini yake. Jioni analaza trakta ku mutelemuko wa Mama Gentille, anaweka jiwe mbele ya magurudumu. Alfajiri anaomba makaa, anajaza mbabula, lile jiko ya chuma ya kubeba, anaisukuma chini ya tumbo ya moteri pale mafuta inakaa, anamwanga maji ya moto mu radiateri, anangoja. Kisha anatoa mbabula, anatoa jiwe, anaacha trakta ikimbie yenyewe na mutelemuko, anaingiza vitesi, ile gia, na Nyogokuru inakohoa, inatupa moshi mweusi, inaamuka.

Mu ile habari yote, kitu kimoja tu kilimuuma Béata: pale bwana yake anangoja. Anangoja wapi? Amekaa ku nini? Anangoja akiangalia nini?

"Mama Umwali," jirani yake Emérita alimuambia ku robine ya maji, akimuita na jina ya mutoto wake wa kwanza vile heshima inataka, "Papa Umwali anaamukaka saa ngapi?"

"Mbele ya jogoo."

"Na trakta inaungurumaka saa ngapi?"

"Kisha jogoo."

"Basi jogoo iko najua mambo mingi."

Wanawake walicheka mpaka ndoo ya mumoja ikamwangika. Béata alicheka na wao, tena alicheka kuwapita, juu njo vile alikuwa. Nyumba yake ilikuwa nyumba ya watu. Mwenye amekosa chumvi anapita kwake, mwenye amepata habari anapita kwake, hata mwenye amekosa chumvi na habari anapita kukaa tu. Lakini siku ile, alipofika nyumbani na ndoo ku kichwa, alikuta jogoo yake imesimama ku kizingiti inamuangalia na jicho moja, akaifukuza na jiwe.

Kesho yake aliamuka mbele ya bwana. Aliwasha mabua, akayachoma mpaka yakawa mekundu, akajaza mbabula yake, akapanda nayo mpaka kwa Mama Gentille. Alikuta Jean de Dieu, mwenye alishamutangulia, amechuchumaa pembeni ya trakta. Mbabula ya Mama Gentille, yenye walitengeneza na janti ya gurudumu ya lori, ilikuwa tayari chini ya moteri. Mama Gentille mwenyewe alikuwa amesimama ku mulango na kitambaa ku mabega.

"Mama Umwali, karibu," akasema. "Baridi iko kali."

"Iko. Nimeletea bwana yangu makaa."

"Ni vizuri. Weka upande wa nyuma, mbele kumeshakuwa moto."

Jean de Dieu aliangalia moto wa huku na moto wa kule. "Leo Nyogokuru atapata homa," akasema.

Mama Gentille akacheka ile kicheko yake ya chini, na Jean de Dieu akacheka. Nyumbani bwana yake alikuwa anatabasamu, ndiyo, kama muntu anayesalimia watu mu misa. Lakini kicheko kile, cha kutoka ndani ya tumbo, Béata alikuwa amekisahau. Kumbe hakikupotea, kilihama nyumba.

Na makaa yake ilishakuwa majivu. "Mabua haina roho ndefu," Mama Gentille alisema polepole, bila ubaya. Béata alirudi nyumbani akilitafuna lile neno, akiligeuza kulia na kushoto, na kila upande lilikuwa na muiba.

Magloire njo alimuletea dawa. Magloire alikuwa muchuuzi wa pikipiki, anabeba vitu kutoka Hombo, anapita navyo Pinga, anapanda navyo huku: tochi, bateri za redio, vidonge, sabuni za kung'arisha. Alikuwa amekaa kwa Béata kama watu wote, anakunywa chai ya maziwa, wakati alitoa mu mufuko kikopo kirefu chenye kifuniko chekundu.

"Hii njo eteri. Unapuliza kidogo mu mudomo wa filtri, pale moteri inavutia hewa. Mwenzako anazungusha demareri na ufunguo. Hata kama ilikuwa imelala mu barafu, inawaka."

"Bila makaa?"

"Bila makaa."

"Bila mutelemuko?"

"Mama, bila hata sala."

Béata hakungojea aseme zaidi. Alitoka nje, akakamata ile jogoo yenye kujua mambo mingi, akaifunga miguu, akamupatia Magloire ku mikono. Walikubaliana.

Lakini Jean de Dieu alipokiona kikopo, uso ukafunga. "Hiyo njo kanyanga, pombe kali ya moteri," akasema. "Ukiipatia mara moja, inafurahi. Ukiipatia kila siku, haiamuke tena mpaka inywe. Niliona moja ku Pinga, walikuwa wanaipuliza tu, wanaipuliza tu, mpaka pistoni ikapasuka kama sahani."

"Kwa hiyo makaa ya Mama Gentille njo maziwa."

"Makaa ni makaa."

"Na mwenye makaa?"

Jean de Dieu alifungua mudomo, lakini pale pale Emérita akapiga hodi na wengine wawili nyuma yake, na Béata akageuka kuwatafutia viti. Alipoangalia tena, bwana yake alishavaa kofia na kutoka.

Béata alingoja Siku ya Mungu. Kisha misa, watu wote wakiwa wamesimama mu uwanja ya kanisa na nguo za kupigwa pasi, Béata alimuendea Papa Kanamugire, prezida wa koperative, muzee wa kofia ya manyoya mwenye hapendi kuona kitu ya watu wote ikikaa kwa muntu mumoja. Béata alijua hivyo. Ni pale alipiga.

"Papa Prezida, nauliza tu kama mutoto. Trakta ya koperative inalalaka kwa nyumba moja juu ya nini?"

"Juu ya mutelemuko, mama. Na makaa."

"Kama kungekuwa dawa ya kuiamusha mahali popote? Sisi tuko karibu na depo. Uwanja yetu iko sawa kama meza."

Alitoa kikopo chini ya kitenge mbele ya watu wote. Jean de Dieu alisema mambo yake ya Pinga, lakini alisema kwa sauti ya muntu anayejua hawatamusikiliza, na kweli hawakumusikiliza. Asubuhi yake walifanya majaribio. Béata alipuliza, bwana yake akazungusha, na Nyogokuru, bila makaa, bila maji ya moto, ikaruka kama imechomwa na sindano. Watu wakapiga makofi. Papa Kanamugire akasema: "Basi ilale kwa shofere."

Mama Gentille alikuwa mu watu. Alirudisha kitambaa chake ku mabega. "Ni vizuri," akasema. "Nitalala zaidi."

"Analia ndani," Emérita alimunong'oneza Béata.

Béata alimuangalia vizuri, akitafuta ile machozi ya ndani. Hakuona hata alama. Hiyo nayo ilimuudhi.

Basi siku za furaha zikaanza, ao zilifanana na furaha. Asubuhi uwanja ya Béata inajaa watu wanaokuja kuona moteri ikiamushwa na pumzi. Anawapikia viazi vitamu, anawapatia chai, anafunga kitenge vizuri, anashika kikopo chake kama padri anashika maji ya baraka. Yeye anapuliza, bwana anazungusha. Tangu waoane hawakufanya kazi moja ya pamoja hivi, na Béata aliipenda ile kazi kuliko alivyoonyesha. Shida ni kicheko. Alikuwa amehamisha trakta na bwana, lakini kicheko hakikufuata. Nyogokuru ilikuwa inawaka na kishindo, kama muntu anayegonga mulango kwa hasira, na Jean de Dieu anabaki ameweka mukono juu ya bone, kile kifuniko cha moteri, kichwa upande.

"Unamuomba pole?" Béata akamuuliza siku moja.

"Namusikiliza."

"Siku moja unisikilize na miye hivyo."

Wageni walicheka. Jean de Dieu akapanda, akaenda.

Na kweli maneno ya kanyanga ilianza kuonekana. Mwanzo pumzi moja ilitosha. Kisha zikawa mbili. Kisha Béata akaanza kupuliza mpaka kidole kinachoka, na Magloire akaleta kikopo kingine, na kile nacho kikaanza kuwa chepesi. Béata hakumuambia muntu. Alikuwa anaficha wepesi wa kikopo vile muke mwingine anafichaka chupa ya bwana.

Ikafika asubuhi moja kisha mvua ya mawe. Mlima wote ulikuwa mweupe, na mule ndani ya siku za baridi hiyo ilikuwa baba yao. Ilikuwa siku ya soko kubwa. Watu walishaleta bidoni zao za maziwa jioni, zilipangwa ku ukuta wa nyumba ya Béata, na bidoni ya Mama Gentille mu katikati. Béata alipuliza. Jean de Dieu akazungusha. Nyogokuru ikasema neno moja, ikanyamaza. Alipuliza tena. Bateri ikakohoa, ikachoka.

Jean de Dieu alishuka, akatoka ku kipito cha ua. Béata alifikiri ameenda ku choo. Wakati alirudi, alikuwa amebeba mbabula, na Béata hakuhitaji kuuliza ni ya nani. Mbabula ya janti ya lori ilikuwa moja tu mu Nyamitaba yote. Makaa ya mikaratusi ilikuwa nyekundu ndani yake, yenye roho ndefu.

Aliisukuma chini ya moteri. "Usiguse ile kitu tena," akasema, akionyesha kikopo. "Naenda jikoni kuleta maji ya moto."

Angesema neno lingine lolote. Angesema "eteri na moto havikae pamoja", Béata angesikia. Lakini "usiguse", na ile mbabula chini pale inamung'ariza kama jicho la muke mwenzake. Béata alibakia peke yake na trakta, na mu kichwa aliona yote: moteri inawaka na makaa ya kule, watu wanafika, Emérita anaangalia mbabula, anaangalia kikopo, anaangalia Béata. Ku robine watasema nini? Watasema bwana aliazimwa siku chache tu, sasa amerudishwa kwa mwenyewe.

Hapana. Itawaka mbele ya maji kufika, na itawaka na dawa yangu.

Alikamata kikopo, akakiingiza mu mudomo wa filtri, akafinya. Alifinya mpaka bati ikawa baridi ku mukono, mpaka kikabakia kinapiga mluzi mutupu. Alikuwa anataka kupanda sasa ku kiti azungushe mwenyewe. Lakini hewa ya eteri si kama moshi. Haipande. Inashuka, inatambaa, inatafuta chini. Na chini kulikuwa makaa.

Ilisikika kama muntu mukubwa amevuta pumzi. Moto wa buluu ukapanda kutoka tumbo ya trakta mpaka ku filtri, haraka kuliko jicho. Béata akaanguka nyuma, kitambaa cha kichwa kimeshika moto, akakivuta, akakitupa. Alipoinuka, filtri ilikuwa inawaka na mupira wa hewa unadondoka matone ya moto, karibu kabisa na bomba ya mazutu. Maji ilikuwa jikoni. Udongo ulikuwa barafu na matope magumu. Ku ukuta kulikuwa bidoni.

Béata alizaliwa mu nyumba ya ng'ombe. Mama yake alikuwa anamupiga kwa tone moja tu la maziwa likianguka mu jiko, juu maziwa ikiungua ku moto, chuchu ya ng'ombe inapasuka. Mutoto yeyote wa kwao alijua hivyo mbele ya kujua jina yake. Alijua, na mikono yake ilishafungua bidoni. Alimwanga ya kwanza yote. Akamwanga ya pili. Moto ukalia, ukazimika, na uwanja yote ikanuka maziwa ya kuungua.

Jean de Dieu alikuwa amesimama ku mulango wa jiko na sufuria mu mikono.

"Macho inaona?" akamuuliza.

"Inaona."

"Lete mikono."

Alikuwa bado anamushika mikono, anaigeuza, anaangalia kila kidole, wakati watu waliingia. Papa Kanamugire alikuwa mbele. Aliangalia filtri nyeusi, maziwa chini, mbabula, kikopo.

"Nani amepuliza?"

Béata alifungua mudomo. Mbele apate neno, bwana yake akasema:

"Trakta iko mu mikono yangu, Papa. Ni miye."

"Shofere wa miaka yote hii, unaweka eteri juu ya makaa?" Papa Kanamugire alinyoosha kiganja. "Lete ufunguo. Utafute mbuzi uchunge."

Jean de Dieu alimupatia ufunguo. Watu wakaanza kubeba bidoni ku vichwa, polepole, kama wanaotoka ku maziko.

Muke mwingine angefurahi: bwana yake amemufunika mbele ya watu. Béata naye alifurahi, lakini furaha haikufika hata mwisho wa ua. Juu alifikiri: jioni atarudisha mbabula. Ataipeleka kwa mwenyewe, atakaa pale ku makaa, atasema ukweli. Wale wawili watajua kitu juu yangu. Pengine yule mwanamuke atasema "maskini Mama Umwali". Moto aliuweza, lakini hiyo "maskini" hakuiweza. Alifunga kitambaa kingine, akabeba mbabula yeye mwenyewe, akapanda mutelemuko mbio, kichwa kinanuka nywele za kuungua.

Mama Gentille alikuwa anakoroga maziwa.

"Nimemwanga maziwa yako ku moto," Béata akasema mbele hata ya kukaa.

Mwiko ukasimama. "Ku moto?"

"Ku moto ya trakta. Ilikuwa inaungua. Miye njo nilipuliza, si yeye. Yeye amesema uongo mbele ya prezida. Nilitaka usikie kwangu mbele usikie kwake."

"Atanielezea miye juu ya nini?"

"Juu anakuambiaka yote. Mama Gentille, nakuuliza, na unijibu kama muntu wa misa. Bwana yangu anangojaka hapa. Wakati anangoja, anasemaka nini?"

Mama Gentille aliweka mwiko chini. "Moteri," akasema.

"Moteri nini?"

"Moteri tu. Pistoni. Pompi ya mazutu. Vile mafuta inapanda, vile inashuka. Anaanza na pistoni, anamaliza na pistoni. Marehemu bwana yangu alikuwa muntu wa kuongea ng'ombe, nilizoea. Huyu anaongea chuma. Asubuhi ingine nasinzia na mwiko mu mukono, nasema 'mm', yeye anaendelea. Nilisema mbele ya watu wote kama nitalala zaidi. Ulifikiri natania?"

"Na kicheko?"

"Anaigaka trakta. Vile inakohoa ikikosa kuamuka. Anaiga na mabega." Mama Gentille akaonyesha kidogo na mabega yake, na Béata akaona bwana yake mzima mu ile mabega ya mwanamuke mwingine.

Alikaa chini. Ingekuwa busu, ingekuwa nyepesi zaidi. Busu ina njia yake: unapiga kelele, unaita familia, wazee wanakunywa pombe, mwenye kosa anatoa mbuzi, inaisha. Lakini pistoni, utaita familia gani? Jean de Dieu alikuwa na dunia nzima mu kichwa, na mwenye kuijua alikuwa mujane wa fromaji, tena mwenye kusinzia.

"Juu ya nini haniambie miye?"

"Kwako kunakuwaka nafasi?" Mama Gentille hakuuliza na ubaya. "Siku moja nilipita kuwasalimia. Niliona viatu ku mulango, nikarudia."

Béata alisukuma ile mbabula mpaka karibu na jiko ya mwenyewe.

"Sasa Kanamugire amekamata ufunguo," akasema kisha.

"Basi enda umuambie. Na ya bidoni yangu tutaongea. Ng'ombe wangu wakianza kuumwa chuchu, weye njo utakuya kuwapaka siagi na mikono yako."

"Nitakuya."

"Utakuya asubuhi na mapema."

"Nimekubali, Mama Gentille. Usinipande ku kichwa."

Alimukuta Papa Kanamugire ku depo, na Emérita pale, na nusu ya ku robine pale. Béata alipenda siku zote kuwa na watu wengi wa kumusikiliza. Siku ile angependa wapungue. Alisema yote: kikopo, makaa, neno la bwana yake lenye hakutii. Wivu tu hakuutaja, na haikuwa lazima, juu kila muntu alikuwa anauona umesimama pembeni yake kama dada yake.

"Kwa hiyo alinidanganya," Papa Kanamugire akasema.

"Alidanganya juu ya kunifunika."

Muzee aliingiza mukono mu mufuko, akakaa na ufunguo ku kiganja, akaupima kama muntu anapimaka yai. "Umupelekee. Trakta irudi ku mutelemuko. Na ile dawa nisiione tena. Bibi muzee hapewe kanyanga."

Emérita alimufuata mpaka mu njia. "Dada, niambie, mule kwa Gentille alikuambia nini? Kuna kitu, ao hakuna?"

"Kuna," Béata akasema, akaendelea kutembea. Emérita alibaki mu njia na sikio tupu.

Nyumbani alikuta Jean de Dieu amekaa juu ya bidoni tupu, anakata kipande cha mupira wa ndani wa gurudumu, apate kufunga pale moto ulikula. Béata aliweka ufunguo ku goti lake. Aliuangalia, akamuangalia muke, akauingiza mu mufuko. Watu wawili walipiga hodi ku ua. "Leo hapana," Béata akawaambia. "Tuko na kazi." Walisimama kidogo, juu waliona kama wamesikia vibaya, kisha wakaenda. Béata akachuchumaa.

"Hii unakata ni ya nini?"

Jean de Dieu alimuangalia kama muntu anayeogopa kuchekwa. "Ni ya hewa," akasema. "Moteri inavuta hewa hapa." Akanyamaza. Béata akangoja. Ilikuwa kazi ngumu; maneno yake mwenyewe ilikuwa imepanga mustari ndani ya koo kama watu wa robine. "Ikivuta hewa chafu," bwana akaendelea polepole, "pistoni inakwaruzika."

"Pistoni," Béata akasema.

Walirudi ku mutelemuko. Asubuhi ya kwanza makaa ilikuwa mbabula mbili kamili, juu Nyogokuru ilishazoea ile dawa ingine na ilikuwa inaitafuta. Béata alikaa pembeni ya bwana yake ku ubao, kitenge mpaka ku masikio, na Jean de Dieu akaeleza. Alianza na pompi. Alipita ku vali. Béata alisema "mm" na hakusinzia, ingawa Mungu anajua. Wakati alifika ku kikohozi, aliinua mabega, akaiga, na Béata akacheka. Alichelewa kidogo kucheka, lakini alicheka, na bwana yake akaiga tena, mara hii kwa nguvu zaidi.

Mama Gentille alitokea ku mulango na mwiko wake. Alisikiliza kidogo, akatikisa kichwa.

"Papa Umwali, umeruka. Haukumuambia juu ya ile kamba ndogo yenye inafunga hewa."

"Ee, ni kweli," Jean de Dieu akasema, uso umewaka, akaanza kugeuka kule ku mulango.

Béata alikamata mukono ya koti yake, akamurudisha mbele.

"Mama Gentille," akasema na sauti tamu, bila kumuangalia, "huyu anaelezea miye."

Akasogeza ubao kidogo upande wa mutelemuko, mpaka mugongo wake ukafunika mulango yote. "Sema," akamuambia bwana. "Kamba gani?"